Ngoja Ngoja

Mwaka juzi tulingoja.
Farasi jike wa kijivu aligeuka kutazama ubavu wake
kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoijua,
akapara theluji kwa kwato, akalala, akainuka, akalala.
Baba mkwe akasema: gesi tu.
Akasema: mwacheni mpaka alfajiri.
Akamnywesha vodka na chai ya chumvi,
akamzungusha zizi mara saba,
akasema daktari ni ghali, na barabara ya Naryn imeganda.
Alfajiri ilikuja. Ilimkuta ametulia sana.

Watu husema ngoja ngoja huumiza matumbo.
Mimi nimeliona tumbo lenyewe:
gumu kama ngoma iliyowambwa,
na ndani yake utumbo umejisokota
kama nguo inayokamuliwa na mikono miwili.

Usiku wa leo ni Kashka,
mwenye baka jeupe kutoka paji hadi pua,
abebaye watoto kwenda shule, wawili wawili mgongoni.
Saa nne na robo nilikuta nyasi zake hazijaguswa.
Huyu, ambaye hula hata kamba!
Akakunja mdomo wa juu, akacheka kicheko kisicho na furaha.
Kisha akatazama ubavu.

Sikumwamsha mtu. Nilivaa buti za mume wangu
(yuko Moscow, anapanga matofali ya wenyewe)
nikapanda kilima cha nyuma, mahali pekee simu inaposhika,
mkono juu kama mtoto anayejua jibu.
Vistari viwili. Kimoja. Viwili.

"Daktari Bubusara, ni Gulsunai, wa juu ya daraja."
Sauti yake ilikuwa na usingizi, maswali yake hayakuwa nao:
Amepata haja lini? Ufizi una rangi gani?
Mapigo umehesabu?
Nilikuwa nimehesabu. Vidole viwili chini ya taya,
hamsini na sita kwa dakika,
kwa saa ya plastiki ya binti yangu, yenye picha ya paka.
"Usimpe kitu. Si nyasi, wala vodka ya mzee.
Akitaka kubiringika, mtembeze. Akitulia, mwache.
Natoka sasa hivi."

Sasa hivi: maneno mafupi.
Sikujua yanaweza kubeba gari zima
kilomita arobaini juu ya barafu.

Baba mkwe akatoka na koti lake la ngozi ya kondoo.
"Umeshampigia?"
"Nimeshampigia."
"Na kama ni gesi tu?"
"Basi nitailipia gesi."
Akanyamaza. Halafu akaichukua kamba mkononi mwangu,
akatembea na Kashka polepole, akimnong'oneza
maneno ambayo, nadhani, hayakuwa ya Kashka.

Saa saba kasoro, taa mbili bondeni.
Sindano shingoni. Mpira mrefu puani, ndoo, mafuta.
Mkono wake hadi begani ndani ya mnyama,
uso kaugeuza pembeni
kama anayesikiliza redio ya nchi ya mbali.
"Umeziba, haujasokotwa," alisema.
"Ningekuja asubuhi, ningesema jingine."
Hakuongeza neno. Aliomba chai,
akalala ameketi, kikombe mkononi.

Saa kumi na moja mkia ukainuka.
Jamani, nimeona bonde likichanua mwezi wa sita,
nimeona mahari yangu ikisimama uani, ina miguu minne minne,
sijaona kitu kizuri kama yale mavi:
manane, ya mviringo, yakifuka mvuke juu ya theluji.
Mzee aliyahesabu kwa sauti, kama fedha.

Kisha akaingia ndani akahesabu fedha yenyewe,
kimya,
akaongeza noti moja ambayo hakuna aliyeiomba.