Nyuzi za Korom

Nywele za mbwa huyu hazichanwi.
Zimejisokota zenyewe zikawa kamba,
nami kila Jumamosi, jikoni kwetu Makó,
nazitenganisha moja moja kwa vidole
kama mtu anayefumua mkeka asiousuka.

Baba aliniachia nyumba, deni la gesi,
na Korom, yaani Masizi:
mweusi ti, mkaidi kunishinda.
Namwambia keti. Ananikodolea
kama karani anayesubiri muhuri.
Namwonyesha soseji ya pilipili;
anaila, amesimama.
Jirani yangu Etelka anacheka hadi anashika ukuta.

Ukimwogesha, kukauka kwake siku mbili.
Nyumba nzima hunuka sufu mbichi.
Januari hii nilimwosha usiku, dirisha wazi,
baridi ikanikaa kifuani.
Asubuhi nikakohoa mara mbili,
kikohozi kikavu, kile cha tumbaku
nilichokichukia tangu utotoni.

Korom akaketi.

Wima, macho yamezama ndani ya kamba,
mkia tu ukifagia sakafu.
Nikakohoa tena, kwa makusudi.
Akalala.

Kumbe Baba hakuwahi kumfunza neno.

Dawa ya kifua iko kabatini, sijaifungua.
Leo, chini ya shingo ya Korom,
nimekuta uzi wa kijani
wa ile sweta ya kuvunia vitunguu,
umesokoteka ndani kabisa.
Mkasi uko mezani.
Nimeutazama,
nikashika kamba inayofuata.