Kreti Zilizorudi

Nilifika Hombolo mwezi wa nane na stashahada yangu
na viatu vya ngozi vinavyolia juu ya saruji.
Nikabandika ukutani karatasi ya mishale:
meneja juu, wasimamizi chini yake,
chini kabisa wachambuaji ishirini na wanne,
meza nne, mikasi, zabibu.

Meza ya tatu ilinikera.
Kila jioni ya mwisho kufunga,
na maneno hayawaishi: harusi ya Mpunguzi,
mbuzi wa fulani aliyeingia kanisani wakati wa sadaka,
kicheko, kisha mkono unainua kichala
unakielekeza dirishani, kwenye mwanga.
Meza ya kwanza kimya, mbiombio,
kreti sitini kabla ya chai.
Nikasema, dawa ya domo ni umbali.
Sechelela nikampeleka meza ya kwanza,
Mlewa kwenye mizani,
waliobaki nikawatawanya kama mtama wa kuku.

Wiki moja banda lilitulia.
Niliandika kwenye ripoti: nidhamu imepanda.

Wiki ya pili lori likarudi kutoka mjini
na kreti arobaini na moja,
zabibu zimelia humo ndani,
ukungu umejibanza kwenye vikonyo,
na barua ya mstari mmoja.
Hakuna aliyesema, tulikwambia.
Hakuna aliyekuwa ameniambia.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kesho yake niliiacha kalamu ofisini.
Nikapindua kreti tupu, nikaketi pembeni.
Siku ya kwanza walifanya kazi kama watu wa kwenye kalenda.
Siku ya nne wakanizoea,
kama unavyozoea jiwe lililozuia mlango.
Ndipo nikaanza kuona
macho yanakwenda wapi mkono unaposita.

Hayakwenda kwa msimamizi.
Yalimfuata Ndahani, kijana wa ndoo ya maji,
kibarua ambaye karatasi yangu haikumjua.
Yeye hutoka getini, yanakoshushwa mazao;
yeye ndiye anayejua
za shamba lipi zimelala na umande,
na nani kachanganya za juzi na za leo.
Zamani alikuwa akitua ndoo meza ya tatu,
kwa Sechelela, shangazi yake,
na kutoka pale neno likavuka meza hadi meza
limejifunika kicheko,
limepanda mgongoni mwa yule mbuzi wa kanisani.

Sasa anapita tu. Kikombe, kikombe, kikombe.
Nilidhani nimeziba tundu.
Nilikuwa nimekata bomba.

Na lingine, hili sikulipenda:
viatu vyangu vikilia mlangoni
shingo ishirini na nne huinama kwa pamoja
kama uwele ukipitiwa na upepo.
Mimi niliyejiona mtazamaji
kumbe nilikuwa hali ya hewa.

Jumatatu nikauliza, "Niliharibu wapi?"
Kimya.
Chuoni tulifundishwa kuujaza ukimya kwa mifano.
Nikang'ata ulimi, nikahesabu. Thelathini. Arobaini.
Nje mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye mnyororo mkavu.
Sechelela akasema, macho kwenye mkasi:
"Meza ya kwanza ni fupi.
Migongo inawauma.
Wanakimbia ili wakakae."

Basi, ni hivyo tu.
Tukainua miguu ya ile meza kwa matofali manne.
Meza ya tatu ikarudi na domo lake.
Jina la Ndahani likaingia daftarini,
posho ikapanda kidogo, si sana,
mfuko haukuwa wangu.

Kreti bado zinarudi: sita, nane,
wiki mbaya kumi na mbili.
Karatasi ya mishale iko palepale, imepauka kwa vumbi;
sijaibandua, wala sijachora nyingine.
Siku hizi navaa ndala.

Mlewa hanisalimii.
"Mbukwa," namwambia kila asubuhi,
naye anasoma mizani isiyo na kitu juu yake.
Ila jana nilipomwomba mkasi
aliugeuza kwanza,
akanipa upande wa mpini.