Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Studio ilikuwa ghala la matairi, kichochoroni, Dayton, Ohio,
harufu ya mpira haikutoka hata kwa siki.
Ukutani tuliegemeza magodoro ya hospitali, yenye madoa yake,
ili sauti isiturudie.
Januari, sitini na tatu. Mimi na miaka yangu kumi na minne,
kazi yangu kushika koti la dada
na kunyamaza.

Ernestine alitoka zamu ya dobi saa nne usiku,
vidole vimenyauka kwa magadi.
Bwana Haskell, mwenye mashine, akatazama saa:
nyimbo kumi, mikesha miwili, utepe wa kuchezea sina.
Roscoe wa gitaa la besi alikuwa keshalewa.
Ngoma alizipiga shemasi wa kanisa letu,
katuapisha wote mkewe asijue.

Akaimba.
Si ile sauti mnayoijua nyinyi,
ya baadaye, iliyopigwa pasi, fidla thelathini zikiibebea pindo.
Hii ilikuwa bado na mikunjo.
Alipanda juu bila kujua kama ngazi ipo,
na mara mbili
haikuwepo.

Kisha garimoshi la mizigo.
Kioo kilitetemeka, Haskell akainua mkono: basi, basi.
Ernestine hakumtazama. Alilishika neno moja, *rudi*,
akalivuta behewa kwa behewa,
makaa, mbao, ng'ombe, makaa tena,
hadi la mwisho lilipopita ndipo akashusha pumzi,
nami nikasahau kazi yangu,
nikacheka.

Machi, santuri zikaja kwenye boksi.
Jaladani, Mzungu na mpenzi wake Mzungu, wameshikana mikono ufukweni.
Dayton haina bahari.
"Madukani kule kusini hawataipokea vinginevyo,"
alisema Haskell, akichokonoa meno.
Mama hakujibu. Alikoroga uji wa ngano,
akakata picha ya Ernestine ya kumaliza shule,
akaibandika juu ya wale wawili, akaipapasa kwa kiganja.
Picha zilikuwa tatu tu. Boksi lilikuwa na hamsini.

Miaka ikaenda na mambo yake: majukwaa, mahoteli, waume.
Akiulizwa kuhusu albamu ile alisema, ule ulikuwa utoto,
nikiikuta nitaivunja.

Juzi simu imelia saa tisa usiku.
Bado unayo?
Ninayo.
Iweke.
Nikauweka mkonga wa simu kando ya spika, nikakaa sakafuni.
Mikwaruzo. Roscoe, marehemu, akiikosa noti ileile.
Garimoshi likaja, likapita lote,
upande wa pili wa simu kimya, nikidhani kasinzia.

Kisha kicheko cha mtoto, chembamba, mbali na maikrofoni.

"Wewe," akasema, "si uliambiwa unyamaze?"

Niliambiwa, dada.