Jaribio la Alhamisi

Tumepanga: watu watano, maktaba ya Tartu,
saa nne, theluji ikiruhusu.
Kaarel ataleta kompyuta, mimi chai na saa.
Kazi ya kwanza: "Umekwama. Tafuta pa kuuliza."
Tumefuta neno "msaada";
ndilo lililo kwenye kitufe, lingemnong'oneza.

Sheria ni moja: tusiseme.
Akisita, tuandike sekunde.
Akiomba radhi, tumwambie kosa si lake.

Kitufe hicho nilikikeshea usiku tisa,
bila ujira, kwa mapenzi tu ya programu huria.
Leo, katika mazoezi, Bibi Leida,
dereva mstaafu wa basi,
amekipita mara tatu
kama kituo kisicho na abiria.

Nimeuma ulimi.
Daftarini, mkono ukigoma:
"Hakionekani."