Kizota, Upepo Ukishalala

Mabaki ya madirisha ya Mtumba,
milimita kumi na mbili, kijani cha bwawa ukiyatazama ubavuni.
Ndahani alivileta vipande vinne kwa guta
akavilaza juu ya magunia ya pumba
kama wagonjwa.

Mchana hatugusi kitu. Mchana ni wa upepo,
na upepo wa Dodoma hauingii mikono mitupu.
Tunangoja saa nne usiku, vumbi lichoke,
ndipo anyunyize maji sakafuni, afunge mlango,
aniambie: vua kandambili, usipige chafya.

Chupa mbili za gundi. Anazikoroga polepole,
maana povu moja, hata la ukubwa wa jicho la sisimizi,
litakaa humo maisha yote likitucheka.
Kipande juu ya kipande. Juu yake betri tatu za lori
na mfuko wa chumvi.
Kisha hakuna kazi. Kungoja ndiyo kazi.

Cha kwanza kiliachia Julai.
Alfajiri, baridi, tukasikia ta!
kama mtu kabana karanga.
Hakutukana. Alipitisha kidole penye mwanya:
"Kimoja kilitoka juani, kingine kivulini.
Tuliwahi."

Kwa hiyo msiniambie umoja ni nguvu.
Nimeuona ukibanduka kama lebo ya soda.
Hivi vingine vililala siku tatu chumba kimoja
bila gundi, bila kuguswa,
vikijifunza baridi ileile.

Halafu miezi minne ya kusaga. Shwaa, shwaa, hatua moja kushoto,
hadi jirani akauliza tunasaga nini kisichopikika.
Bonde likatokea katikati,
kina chake unene wa sarafu.
Fedha ikashika.

Juzi tukaenda Hombolo, nyuma ya mashamba ya zabibu,
kwenye giza lisilo na taa ya mtu.
Nyota ya kwanza ilikuja ndefu, kama punje ya uwele.
Ndahani akamimina chai, akakaa kimya.
"Kioo bado kina joto la nyumbani."

Saa nane usiku akaniita kwa mkono.
Nukta.
Nukta kavu, kama tundu la sindano.

Povu lipo, lakini. Kigeuze mgongo uone,
pembeni, karibu na alama ya penseli.
Sijamwambia.
Usiku ule pua iliniwasha.