Migongo ya Mashujaa

Leo Mashujaa. Kwamboka amewasha televisheni mapema,
gwaride linapita sebuleni kwetu Jericho,
buti zinakanyaga hadi vikombe kabatini vinaitikia.
Mimi nimechukua faili, nusu mkate, karanga za shilingi ishirini.
"Waenda kwa wafu wako tena," asema bila kugeuka.
"Wasalimie. Na urudi na maziwa."

Kazi yangu ni vyerehani.
Mwaka mzima napasua matumbo ya mashine za watu,
natoa nyuzi zilizojisokota, natia mafuta, nafunika.
Siku kama ya leo najifanya mwanahistoria,
mwanahistoria bila shahada wala mwanafunzi,
mwenye faili la kijani aliloachiwa na babake,
tarishi wa wizara, mtu wa mkasi na gundi.

Mjini wamesimama wale wa shaba.
Kimathi na bunduki yake hanioni, anautazama msitu.
Mboya, heroe wamemzunguka miguuni,
nampitia polepole, kofia mkononi;
alivusha vijana kwa ndege wakasome ng'ambo,
kisha Jumamosi moja akatoka duka la dawa.
Nawaheshimu. Ila shingo huchoka kutazama juu.

Ndiyo maana huishia City Park, penye makaburi,
alipolala Pinto, aliyepigwa risasi asubuhi
ndani ya gari, langoni pake mwenyewe,
na karibu naye Murumbi, makamu wa rais
aliyekikalia kiti kile miezi tu, akainuka.
Akainuka!
Katika nchi hii, ambapo mtu atang'ang'ania
hata uweka hazina wa kamati ya mazishi.
Akarudi kwa vitabu vyake, stempu zake, vinyago vyake,
na mwisho akataka alazwe jirani ya rafiki.
Siasa hiyo naielewa.

Nikakaa nyasini, nikafungua faili.
Kima mmoja akashuka mtini, mkia umesimama kama swali,
akanyakua kipande cha Murumbi nisiwahi kusema shii,
akakinusa, akaona si karanga,
akakitupa kifudifudi.

Miaka thelathini nalifungua faili hili.
Sijawahi kusoma migongo ya mashujaa wangu.

*Amepotea. Mvulana, miaka kumi na minne,
kovu juu ya jicho la kushoto, kaptura ya kaki,
hana viatu. Mama yake hali chakula.
Mara ya mwisho alionekana akivuka reli
upande wa Makongeni. Jina lake ni*

na hapo mkasi wa baba ukapinda,
ukifuata bega la mheshimiwa.

Nikageuza vyote, mikono ikitetemeka kidogo.
Mgongoni mwa hotuba, bei ya unga.
Mgongoni mwa salamu za ndege na uwanja,
shukrani za mjane kwa waliochanga, hadi kwenye "hasa ndugu".
Mgongoni mwa baraza zima la mawaziri
cherehani inauzwa, mguu mmoja mbovu,
mwenye kuitaka aje kwa fundi wa, kwa fundi wa nani?
Hapo nilicheka peke yangu, kima wakanikimbia.

Baba alikata vizuri. Hakuna kingo iliyochanika.
Alimpenda mtu yule kwenye picha, nami nampenda bado;
simlaumu kwa kuwa na mgongo.
Lakini yule mtoto sasa angekuwa mzee kunizidi.
Pengine alirudi jioni ile ile, akachapwa, akala.
Pengine tangazo lilimfaa, mtu akasoma jina
lile ambalo mimi sina.

Nikakirudisha kipande, safari hii mgongo juu.
Njia nzima ya Juja Road nikayajaribu majina
kama mtu ajaribuye sindano kwenye mashine ngeni:
Sarikoki? Mutua? Wekhomba? Okusimba?
Hadi dukani, mwenye duka akaniinamia dirishani:
"Unasema nani, mzee?"
Maziwa, nikamwambia. Pakiti mbili.