Fundi wa Bomba Apimwa Presha

Miaka ishirini na sita nimeziba mabomba ya watu,
Mkomani hadi Langoni, Gadeni hadi Wiyoni,
nikipanda madari na spana kiunoni.
Leo mpira umenikaba mkono, ukapumua, ukasema:
mia na themanini na nne,
chini yake mia na kumi.

Nikamwambia Tabibu Nasteha, mimi siumwi.
"Hata bomba haliumwi, fundi,
mpaka siku linapopasuka."
Nikanyamaza. Maneno hayo huwa nayasema mimi,
kwa wenye nyumba wabishi.

Akachora nyuma ya kadi yangu
figo mbili, kama kunde.
"Hawa ndio walinzi wa birika lako.
Wakihisi maji yamepungua hupiga mbiu,
na mbiu yenyewe ni renini.
Ini limekwisha kumwaga damuni uzi mrefu usio na kazi;
renini huja na mkasi, huukata.
Kipande hupita mapafuni, kimeng'enya hukipunguza tena,
na hapo ndipo angiotensini anapoota meno."

Angiotensini.
Nililitamka mara tatu, kama jina la mgeni,
kumbe yumo nyumbani tangu sijazaliwa.
Akifika kwenye mshipa huukaza, nikazavyo nati.
Akifika kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, huamrisha
chumvi isitoke, maji yasitoke,
na mwenye mwili aone kiu.

Wala si adui. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Aliumbwa kwa siku ya jeraha, siku ya jua kali,
kwa babu yangu aliyetoka Witu hadi Mokowe kwa miguu
na kibuyu kimoja.
Mwili hausahau kiu.
Mimi nala papa mkavu na achari,
nanywa maji ya kisima yanayokoza ulimi,
naye bado anaweka akiba,
bado anangoja ukame ambao haukuja.

Moyo, je?
Ah, moyo naujua bila kuchorewa.
Kwa kina Bwanamaka, ghorofa tatu,
bomba liliota chumvi ndani
hata tundu likabaki la kupita punje ya mtama.
Mota ikasukuma, ikasukuma, wakaisifu.
Mfunguo Nne ikaungua.
Moyo nao, kwa kusukuma, hunenepa ukuta,
unene usio wa afya,
na angiotensini yule yule huupaka makovu,
kidogo kidogo, kama mpaka chokaa asiye na haraka.

Nikapewa vidonge vya kumng'oa meno kule mapafuni.
Wiki ya tatu kikaja kikohozi,
kikavu, cha usiku, kisicho na kohozi.
Somoe akatenga kikombe changu.
Jirani akasema kifua kikuu; mwingine, husuda ya mafundi.
Vidonge nikavificha kwenye kopo la washa.
Presha ikarudi, nikaona nyota saa sita mchana
nikiwa juu ya ngazi.

Nasteha hakunigombeza.
"Kikohozi ni cha dawa, si cha mtu.
Tubadili. Hii haizuii ufunguo kuchongwa,
huziba tundu la kufuli.
Atakuja, atajaribu, atarudi zake."

Sasa nameza kimoja kila baada ya Isha.
Kikombe changu kimerudi kwenye sinia.
Mchuzi wa Somoe hauna chumvi;
namwambia u mtamu, naye anajua nasema uongo.

Jana mteja wa Langoni alitaka mota kubwa zaidi.
Nikamwambia, usinunue. Tuanze na bomba.
Miaka yote nimesema hivyo.
Jana nilijisikia nikisema,
nikaweka spana chini,
nikashika kifundo cha mkono, nikahesabu.